Je, tukizifungia filamu za Marekani, zetu zitainuka kama za Korea?

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Nasomea uhariri wa filamu hapa Mwanza. Darasani kumezuka ubishi. Wenzangu wanasema Wakorea wamefika walipofika kwa sababu serikali yao ilizibana filamu za Marekani kwa sheria, na sisi tukifanya vivyo hivyo za kwetu zitapanda. Mimi nikasema Wamarekani wanatawala kwa sababu kazi yao ni nzuri, basi. Nani yuko sahihi? Na hizi zinazotengenezwa siku hizi kwa hela za Netflix, huko Korea, Nigeria hata Kenya, tuseme ni za Wamarekani au za wenyewe?"

Marahaba, mwanangu. Wenzako wana hoja, ila wameishia njiani. Sheria hiyo ya Korea ilikuwepo kweli, tangu 1966, lakini ilipita miaka zaidi ya 30 kabla filamu ya Kikorea haijaweza kukutana uso kwa uso na filamu kubwa ya Marekani ikaizidi kwa tiketi. Sheria peke yake ingetosha, wasingengoja muda wote huo. Na wewe, kazi ya Wamarekani ni nzuri, silipingi hilo, hasa tukifika kwenye uhariri unaousomea. Lakini ubora hauifikishi filamu ukumbini. Anayeifikisha ni msambazaji. Ndiye anayeamua iingie ukumbi gani, wiki ipi, itangazwe kwa kiasi gani, na pesa za mlangoni zikishagawanywa zirudi kwa nani. Mngeanzia hapo, ubishi wenu ungekuwa mfupi.

Watu husahau kwamba Wamarekani nao waliwahi kuwa upande wa wanaolalamika. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia soko lilikuwa la Wafaransa. Kampuni ya Pathé ya Paris, yenye nembo ya jogoo, ilikuwa na ofisi kuanzia Moscow hadi Calcutta, na kufikia 1908 hakuna aliyekuwa akiuza filamu nyingi ndani ya Marekani kuliko yeye. Wenyeji wakaanza kusema filamu hizo za kigeni ni chafu na zinawaharibia vijana. Ukibadilisha majina tu, ni hotuba ambayo umeshaisikia hapa kwetu mara nyingi.

Vita vya 1914 vikapindua mambo. Utengenezaji wa filamu Ufaransa ulisimama, mafundi wakaitwa jeshini, na Wamarekani wakaenda moja kwa moja kwa wenye kumbi wa London, wa Australia na wa Amerika Kusini kuziba pengo. Amani iliporudi, Wafaransa walikuta nafasi yao imeshakaliwa.

Kutoka hapo kazi ikafanywa na hesabu. Marekani ilikuwa na maelfu ya kumbi na watu wenye fedha ya tiketi, kwa hiyo filamu nyingi zilirudisha gharama nyumbani kabla hazijavuka bahari. Filamu ikishavuka, karibu kila inachoingiza ni faida, na msambazaji anaweza kumkodishia mwenye ukumbi kwa bei yoyote itakayomtoa mshindani barabarani. Mtengenezaji wa Denmark, kwa mfano, hawezi kushuka hadi hapo, maana anategemea soko dogo la kwao limrudishie mtaji. Hatujagusa bado habari ya nani ana hadithi nzuri.

Halafu kuna mkono wa serikali, ambao Wamarekani hawaupigii kelele wanapohubiri soko huria. Mwaka 1918 bunge lao lilipitisha sheria iitwayo Webb-Pomerene, inayoruhusu makampuni kuungana na kupanga bei nje ya nchi, jambo ambalo nyumbani ni kosa. Mwaka 1945 studio kubwa zikaunda chama cha pamoja cha kuuzia filamu nje, kikizungumza na serikali za kigeni kwa sauti moja na ubalozi ukiwa nyuma yake. Studio hizo zilikuwa na desturi ya kumwambia mwenye ukumbi: ukiitaka hii ya nyota mkubwa, chukua na hizi nyingine kumi hata hujaziona. Mahakama ya Juu ya Marekani iliipiga marufuku desturi hiyo 1948, ikaamuru pia studio zitengane na kumbi zake. Ila hukumu hiyo ilikuwa ya ndani ya Marekani. Nje haikuwa na meno.

Sasa tuje kwenye dawa mnayoipendekeza. Waingereza waliijaribu zamani, na matokeo yake yanafaa kubandikwa ukutani darasani kwenu. Katikati ya miaka ya 1920, filamu za Kiingereza zilikuwa kama asilimia 5 tu ya zilizoonyeshwa nchini mwao. Mwaka 1927 bunge likatunga sheria: kila msambazaji awe na asilimia 7.5 ya filamu za Kiingereza katika anazosambaza, mwenye ukumbi aonyeshe asilimia 5, na viwango viongezeke mwaka hadi mwaka kufikia 20. Kwenye karatasi inapendeza. Wasambazaji wenyewe lakini walikuwa Wamarekani, na Mmarekani hakatai sheria, anaitafutia njia ya bei nafuu. Wakazitafuta kampuni ndogo za Uingereza, wakaziambia zitengeneze filamu ya kama saa moja, haraka, kwa malipo ya karibu pauni moja kwa kila futi ya ukanda. Fikiria unalipwa kwa urefu wa ukanda! Inasimuliwa kwamba kumbi nyingine zilikuwa zikizionyesha filamu hizo asubuhi, wafagiaji wakiwa bado wanapiga deki kati ya viti. Sheria imetimizwa, jioni anaingia Mmarekani.

Sisemi hakikupatikana kitu. Michael Powell, aliyekuja kuwa mmoja wa waongozaji wakubwa kabisa wa Uingereza, alijifunzia kazi kwenye filamu hizo za harakaharaka. Na 1938 sheria ilirekebishwa, ikaweka kiwango cha chini cha gharama ili kuua uhuni ule. Ila watazamaji walishazoea kwamba "filamu ya Kiingereza" maana yake ni kitu cha kukaa nje ukimalizia sigara hadi kiishe.

Walijaribu pia njia kali zaidi. Agosti 1947, nchi ikiwa haina dola, serikali iliweka ushuru wa asilimia 75 kwa filamu za Marekani. Studio zote zikaacha kupeleka filamu mpya kwa pamoja. Kumbi za Uingereza zikabaki kurudia za zamani, studio za nyumbani haziwezi kuziba pengo kwa miezi michache, na Machi 1948 serikali ikasalimu amri. Kwetu Afrika somo kama hilo lilitolewa Haute-Volta, Burkina Faso ya leo. Mwaka 1970 serikali ilitaifisha kumbi. Kampuni mbili za Kifaransa zilizokuwa zikilisha kumbi za Afrika Magharibi, COMACICO na SECMA, zikakata filamu. Serikali ikawa na majengo, mashine na viti, bila cha kuonyesha, mpaka pande mbili zilipokaa chini zikaelewana. Hao hawakuwa Wamarekani, lakini utaona jambo ni lilelile: ukumbi bila msambazaji ni godauni.

Ufaransa yenyewe ilifanya kitu ambacho mimi nakiona kuwa cha akili kuliko vyote, ingawa ilikifikia kwa kubanwa. Ilitoka kwenye Vita vya Pili ikiwa na madeni. Mei 1946 Léon Blum, mjumbe wa Ufaransa, alisaini mkataba na James Byrnes, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, huko Washington: madeni makubwa yakafutwa, mkopo mpya ukatolewa, na katika mambo yaliyokubaliwa mlango wa sinema ukafunguliwa. Kumbi zilitakiwa kuonyesha filamu za Kifaransa wiki 4 katika kila wiki 13. Wiki 9 zilizobaki ni mwenye nguvu mpishe, na Wamarekani walikuwa na shehena ya filamu za miaka yote ya vita ambazo zilikuwa zimesharudisha fedha kwao. Januari 1948 waigizaji, waongozaji na mafundi waliandamana Paris, na mwaka huohuo mkataba ukapitiwa upya: wiki 4 zikawa 5, na idadi ya filamu za Marekani zilizotiwa sauti ya Kifaransa ikawekewa kikomo.

Wengi husimulia hadithi hii ya maandamano wakaishia hapo. Mimi nakuomba uangalie kilichofanyika kimyakimya pembeni yake: tozo ya tiketi. Tangu 1948 kila tiketi ya sinema Ufaransa inakatwa fungu, na fungu hilo linakwenda kwenye mfuko unaosimamiwa na kituo cha taifa cha sinema, CNC, kilichoundwa 1946. Leo kiwango ni asilimia 10.72. Kijana wa Lyon akinunua tiketi ya euro 10 kwenda kumwona Spider-Man, kama euro 1 na senti 7 hazifiki Hollywood. Zinaingia kwenye mfuko unaowarudishia watayarishaji wa Ufaransa kulingana na tiketi walizouza, kwa masharti kwamba wazitumie kwenye filamu inayofuata. Kumbi nazo zinapata sehemu yake kwa ukarabati, na ndiyo maana miji midogo ya Ufaransa bado ina sinema. Hawakumfukuza Mmarekani. Walimfanya achangie. Kadiri anavyouza sana, ndivyo mfuko unavyojaa, na serikali haihitaji kupigana bungeni kila mwaka kutafuta bajeti ya utamaduni.

Kwa mfumo huo filamu za Kifaransa zimebaki na takriban asilimia 40 ya tiketi nyumbani, miaka mingine pungufu, miaka mingine zaidi. Zipo nyingi zisizo na mtazamaji, na wakosoaji wao wenyewe husema fedha hizo zimewazoesha watu kutengeneza filamu za kuwaridhisha wajumbe wa kamati. Ni kweli. Lakini linganisha na Italia, iliyokuwa taifa kubwa la filamu miaka ya 1960, uone namna ilivyoshuka miaka ya 1980 runinga za biashara zilipojaa na kumbi zikafungwa.

Korea sasa, maana ndiko mlikobishania.

Sheria ya siku za lazima ilianza 1966, ikabadilishwa mara kadhaa, na kufikia miaka ya 1980 ilitaka kila ukumbi uonyeshe filamu za Kikorea siku 146 kwa mwaka. Wakati huo huo nchi ilikuwa chini ya wanajeshi. Miswada ya filamu ilipitiwa na serikali kabla ya kupigwa picha. Na leseni ya kuingiza filamu za kigeni ilikuwa ikitolewa kama zawadi kwa kampuni iliyotengeneza za nyumbani. Soma tena sentensi hiyo. Filamu ya kigeni ndiyo iliyoleta fedha, ya nyumbani ilikuwa gharama ya kupata leseni. Kwa hiyo kampuni nyingi zilipiga picha chochote, haraka, ili wapate kuingiza ya Marekani. Ugonjwa wa Waingereza wa 1927, umevaa nguo za Seoul. Hata zile siku 146 zenyewe zilichakachuliwa: daftarini imeandikwa filamu ya Kikorea, kwenye skrini inaonyeshwa nyingine. Ilibidi 1993 wapenzi wa sinema waunde kikundi cha kuzunguka kumbini, kukagua na kuhesabu siku, maana serikali haikuhesabu.

Mwaka 1985 chama cha studio za Marekani kilipeleka malalamiko rasmi Washington dhidi ya Korea, na baada ya shinikizo la kibiashara Korea ikakubali kampuni za kigeni zisambaze zenyewe bila kupitia kwa mwenyeji. Filamu ya kwanza kuingia hivyo ilikuwa Fatal Attraction, Septemba 1988. Waongozaji na wafanyakazi wa filamu waliandamana mbele ya kumbi, na kuna waliofikia kuachia nyoka ndani ukumbini watu wakiwa wamekaa. Gizani nani anajua kama nyoka ana sumu au hana? Haikusaidia. Kufikia 1993 filamu za Kikorea zilibaki na kama asilimia 16 ya soko, na sheria ya siku 146 ikiwa palepale.

Kilichobadilisha mambo kilianzia pasipotarajiwa. Mwaka 1994 jopo la ushauri wa sayansi na teknolojia lilimwandikia Rais wa Korea kwamba filamu moja ya Jurassic Park imeingiza fedha sawa na kuuza magari ya Hyundai milioni 1.5. Kwa nchi iliyojijenga kwa kusafirisha magari nje, hiyo ilikuwa lugha wanayoielewa. Filamu ikatoka kwenye meza ya wizara ya utamaduni ikahamia kwa wenye viwanda. Samsung na Daewoo walishaanza kuweka fedha, wakitaka cha kuuza kwenye mikanda ya video, na walikuja na kitu ambacho watengenezaji wa filamu hawakukizoea: hesabu zinazokaguliwa, bajeti inayofuatwa, ratiba.

Aliyekwenda mbali zaidi alikuwa Cheil Jedang, kampuni ya sukari na unga. Mwaka 1995 iliweka dola milioni 300 katika DreamWorks, studio mpya ya Steven Spielberg na wenzake, na katika mkataba ikapata haki ya kusambaza filamu za studio hiyo katika sehemu kubwa ya Asia. Kwa mtazamo wa mwandamanaji wa 1988 huo ulikuwa usaliti. Mimi nauona kama ada ya shule. Watu wa sukari walijifunza kwa filamu za mwenzao namna ya kupanga wiki ya kutoa filamu, kupima matangazo, kugawana pesa na kumbi. Mwaka 1998 wakafungua Seoul jumba lao la kwanza lenye skrini nyingi, CGV. Filamu za Marekani ndizo zilizojaza viti vya mwanzo. Walipokuja kuwa na filamu za Kikorea za kuuza, njia ilishajengwa na ilikuwa mali yao.

Upande wa watu nao uliandaliwa. Chuo cha serikali cha filamu, KAFA, kilifunguliwa 1984. Bong Joon-ho, mwongozaji wa filamu ya Parasite, ni mmoja wa waliopita pale. Mwaka 1996 Mahakama ya Katiba ilitamka kwamba kuzipitia filamu kabla ya kuonyeshwa ni kinyume cha katiba, na mwaka huohuo tamasha la Busan likaanza. Hilo la mahakama usilipite haraka. Wenzako wanapoisifu serikali ya Korea kwa kuzibana filamu za Marekani, waulize pia habari ya serikali hiyo kuacha kuwabana watengenezaji wake. Filamu iliyovunja mwiko ilikuwa Shiri, 1999, ya mwongozaji Kang Je-gyu, inayohusu majasusi wa Korea Kaskazini ndani ya Seoul. Milipuko na mbio ni za Kimarekani kabisa. Kidonda ni cha Kikorea, na miaka michache tu nyuma kukigusa hivyo kungekuwa matata. Iliuza tiketi nyingi kuliko Titanic ilizouza nchini humo.

Mwaka huohuo waongozaji walinyoa vichwa hadharani Seoul kupinga mpango wa kupunguza siku 146. Zilikuja kupunguzwa kweli, 2006, zikawa 73, kama sharti la Marekani kabla ya kuanza mazungumzo ya biashara huria. Wengi walitabiri kifo. Hakikuja. Filamu za Kikorea ziliendelea kwa miaka mingi kuchukua karibu nusu ya tiketi zote, kwa sababu kufikia hapo wasambazaji wakubwa na wenye kumbi walikuwa Wakorea wenyewe, nao wana faida kubwa zaidi wakiuza mali yao. Mwaka 2007 wakaongeza tozo ya asilimia 3 kwenye tiketi, kwa mtindo wa Ufaransa. Parasite ilipochukua Oscar ya filamu bora Februari 2020, kampuni iliyokuwa nyuma yake ni ileile ya sukari, kwa jina lake la leo, CJ.

Kwa hiyo sheria ilifanya nini? Iliwanunulia muda. Bila siku zile za lazima huenda kusingebaki wa kumpa mtaji. Nasema hivyo nikijua pia kwamba ushindi wao una uchungu: kampuni inayomiliki kumbi, usambazaji na filamu kwa pamoja hufanya yaleyale ambayo Marekani ilizikataza studio zake 1948. Filamu kubwa moja ya Kikorea hutawanywa kwenye sehemu kubwa ya skrini za nchi, na mtengenezaji mdogo wa Kikorea anapewa saa nne asubuhi. Amefukuzwa na ndugu yake.

Mexico ni kinyume cha hadithi hii, na nitaipita upesi. Wakati wa Vita vya Pili Marekani iliipa Mexico ukanda wa kupigia picha na mitambo, huku ikiinyima Argentina kwa kuwa ilijitangaza haina upande, na filamu za Mexico zikatawala Amerika Kusini yote. Sheria ya 1949 iliziwekea nusu ya muda wa skrini. Mwaka 1992 sheria mpya ikaanza kuipunguza nusu hiyo hadi asilimia 10 tu, 1993 mtandao wa kumbi za serikali ukauzwa, na 1994 wakaingia soko huria na Marekani na Kanada. Kanada ilidai utamaduni uwekwe kando, Mexico haikudai. Mwishoni mwa muongo walikuwa wanatengeneza filamu takriban kumi kwa mwaka. Watu wao hawakupungukiwa kipaji: kati ya tuzo sita za Oscar za mwongozaji bora zilizotolewa 2014 hadi 2019, tano zilichukuliwa na Wamexico watatu, Cuarón, Iñárritu na del Toro. Baadaye nafuu za kodi zilirudisha utengenezaji hadi filamu zaidi ya 100 kwa mwaka. Na tiketi? Kama moja katika kumi, au chini ya hapo. Filamu zipo, skrini hazina.

Turudi nyumbani, maana najua wenzako wanasubiri. Sheria ya kufunga filamu za Marekani mtaifunga wapi? Kumbi za kisasa Tanzania ni chache, na nyingi zimo ndani ya maduka makubwa ya mijini. Watu wetu wanaangalia kwenye simu, kwenye flashi, kwenye king'amuzi na kibanda umiza. Hakuna siku 146 za kuhesabu hapo. Na pwani yetu haijawahi kuwa shamba la Hollywood kwa namna watu wanavyodhani. Enzi za kumbi za Unguja, Tanga na Dar es Salaam, Jumapili ilikuwa ya filamu za Kihindi, kwa sababu waliomiliki kumbi na kuagiza mikanda walikuwa wafanyabiashara wenye jamaa na mawakala Bombay. Msambazaji tena. Marehemu Lufufu alipoanza kuzitafsiri filamu za nje kwa sauti yake juu ya picha, na DJ Afro upande wa Kenya, walifanya jambo ambalo studio ya Marekani haikujisumbua kulifanya: kuifikisha filamu kwa mtu asiyejua Kiingereza. Haki hawakuwa nazo, lakini soko walilijua kuliko wenye haki.

Bongo Movie ya enzi za Kanumba haikuuawa na Mmarekani. Mtayarishaji alikuwa anapanda gari na masta yake, yaani nakala mama ya filamu, hadi Kariakoo, anaiuza moja kwa moja kwa msambazaji kwa bei ya mara moja, anarudi nyumbani na bahasha. Nakala zikiuzwa 5,000 au 50,000, kwake ni sawasawa. Atengeneze inayofuata kwa mtaji gani? Anabana siku za kupiga picha, nyumba ileile, sebule ileile. Halafu wizi wa nakala ukamkuta na msambazaji mwenyewe. Tungekuwa na chombo kinachokata senti kidogo kwenye kila king'amuzi na kila bando la video, kikamrudishia mtayarishaji kulingana na alivyotazamwa, ningekisikiliza kabla ya kusikiliza marufuku yoyote.

Hapo ndipo swali lako la Netflix linapojibika. Tamthilia ya Squid Game ya 2021 ni ya Kikorea kwa lugha, kwa waigizaji, kwa mwandishi na mwongozaji wake Hwang Dong-hyuk. Haki zake ni za Netflix. Mapato ya ziada ya mafanikio yale ya dunia nzima yalikwenda California, na Hwang mwenyewe alieleza kwamba alilipwa kulingana na mkataba wa awali. Ukiitazama kwa jicho la Kariakoo, ni kuuza masta, ila bahasha ni nene. Simlaumu aliyeichukua, ndugu zetu wa Kenya waliotengeneza tamthilia ya Country Queen walipata bajeti na watazamaji ambao runinga za nyumbani zisingewapa. Wafaransa walipoona hivyo, tangu 2021 wanazitaka huduma hizi ziwekeze angalau asilimia 20 ya mapato yake ya Ufaransa kwenye kazi za huko na za Ulaya, na sehemu ya fedha hizo iende kwa watayarishaji huru. Ni ileile hesabu ya tiketi ya 1948, imehamia kwenye intaneti.

Wewe ni mhariri, utaitwa kwenye kazi za aina hiyo mapema kuliko wenzako wa uongozaji. Kama ni mshahara tu, chukua, jifunze, na uangalie wanavyopanga mafaili na ratiba. Kama ni hadithi yako mwenyewe, fungua ukurasa wa haki kabla ya ukurasa wa malipo: haki ni za miaka mingapi, za nchi zipi, nani anamiliki muendelezo, na Kiswahili kwenye runinga za hapa kinabaki kwa nani. Hilo la mwisho mara nyingi hawaliombi sana, kwa hiyo liombe wewe.